Nani Alilala Hapa?

Agosti 2022 nilipanda mlima nikiwa na kishikwambi ndani ya mkoba, kizibao cha karani wa sensa kifuani na chupa ya maji iliyoisha kabla sijafika nusu ya njia. Mbele yangu alitangulia mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa miaka sabini hivi, akipanda kama mtu anayeteremka. Kila tulipopumzika alinionyesha nyumba zilizokuwa kwenye eneo langu la kuhesabia. Nyingine zilikuwa tembe za zamani zenye paa bapa la udongo, nyingine za tofali na bati. Kipupwe kilikuwa kinavuma na vumbi lilijaa midomoni.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi mmoja. Tulimkuta uani anapepeta uwele kwenye ungo, wajukuu wawili wakimzunguka. Mwenyekiti akabisha hodi, wakasalimiana Kigogo, mbukwa na mbukwenyi, na mimi nikatoa shikamoo yangu. Nikaketi kwenye kigoda, nikafungua dodoso na kuuliza swali ambalo tulilikariri darasani mpaka likawa wimbo.

"Bibi, naomba unitajie watu wote waliolala katika kaya hii usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23."

Akauweka ungo chini. "Unataka waliolala, au unataka watu wangu?"

"Waliolala, bibi."

"Waliolala ni watatu," akasema. "Watu wangu ni kumi na mmoja."

Nikaandika watatu. Kanuni ndiyo hiyo. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, awe mwenyeji, mgeni au mpita njia, ili asihesabiwe mara mbili wala asiachwe. Nilijua sababu yake na bado naiona ni sababu njema. Hata hivyo jibu la bibi yule nimekaa nalo tangu siku ile, na safari hii nimeamua kuliandikia.

Kijiji chenyewe sikitaji. Kabla ya kazi tuliapa kutunza siri za watu tutakaowahesabu, na kiapo kile hakikuisha siku niliyorudisha kishikwambi. Niseme tu kwamba kipo milimani, mkoa wa Dodoma, mbali na lami, na kwamba juu yake kuna kilima cha hija. Vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba vinapanda mteremko mmoja baada ya mwingine, na kileleni kuna groto ya Bikira Maria iliyojengwa kwa mawe ya hapohapo. Siku nyingi za mwaka utamkuta pale katekista na mbuzi wa watu. Lakini ikikaribia Agosti 15, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, malori na mabasi hushusha watu bondeni, wakapanda kwa miguu wakisali rozari: WAWATA, umoja wa kina mama Wakatoliki, na vitenge vyao, wanakwaya, vijana wa jumuiya ndogondogo, wagonjwa waliobebwa migongoni.

Sisi tulifika siku nane baadaye. Mteremko mzima ulikuwa umejaa mafiga, matatu matatu, meusi kwa moshi, jivu katikati. Kandambili moja ya mtoto ilikuwa imenasa kwenye mgunga. Kwenye groto nta ya mishumaa ilikuwa imeganda juu ya mawe kama uji uliofurika sufuria. Nilianza kuyahesabu mafiga kwa mazoea ya kazi, nikaacha nilipoona ninaupoteza mchana. Laiti usiku wa sensa ungeangukia tarehe 15 badala ya 23, eneo langu dogo lingehitaji makarani wengi, na kijiji kingeingia kwenye vitabu kama mji.

Badala yake, nyumba kwa nyumba nilikuta mpangilio uleule. Bibi, au babu na bibi, na wajukuu. Katikati yao hakuna mtu. Wenye miaka ishirini mpaka arobaini walikuwa wachache kiasi kwamba nilipomkuta kijana wa kiume nyumbani, nilidhani amekuja likizo. Ukichora umri wa watu wa pale, chini kuna watoto, juu kuna wazee, na kiunoni pamebanwa kama nyigu.

Walikokwenda si siri. Mwaka 2012 wilaya ya Dodoma Mjini ilikuwa na watu 410,956. Sensa niliyoifanyia kazi ililikuta Jiji la Dodoma na watu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili Serikali ilihamia Dodoma kwa vitendo, kama ilivyoamuliwa tangu 1973, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji Aprili 2018, na kule Mtumba ukaanza kuota Mji wa Serikali. Ukiuliza nani alichanganya zege ya maghorofa yale, nani anawauzia mafundi wali maharage saa saba mchana, baadhi yao ni wa bibi yule. Alinitajia hata nilipokuwa nimeshafunga ukurasa wa majina: mmoja fundi ujenzi Mtumba, mmoja mama lishe mjini, mwingine kuli katika soko la mahindi la Kibaigwa, mjukuu mmoja shule ya bweni. Alikuwa anakunja vidole huku akinitazama usoni kuhakikisha nafuata.

"Huyu fundi," akasema, "alikuja juzi kwa Mama Maria, na jumuiya yake ya mjini. Hakulala humu ndani. Alikuwa na nadhiri, akalala kule juu na wenzake. Asubuhi akashuka kuniomba maji kama hujaji mwingine yeyote. Nikampa. Akapanda gari."

*

Miaka kadhaa kabla ya hapo, nikiwa chuoni hapahapa Dodoma, mwalimu wetu wa masuala ya idadi ya watu aliingia darasani na kuchora piramidi ya umri ubaoni bila kusema neno. Kwa kawaida upande wa kushoto huwekwa wanaume na wa kulia wanawake, watoto wachanga chini, wazee juu. Yake ilikuwa kama ya upande mmoja tu. Kushoto alichora mbao pana kuanzia umri wa ujana hadi uzee wa kati. Kulia akaweka vijistari vyembamba kama unywele. Chini kabisa, mahali pa watoto, hakuchora kitu.

"Ni wapi hapa?" akauliza.

Tukabahatisha. Gereza. Kambi ya jeshi. Machimbo ya dhahabu, akasema mwenzetu wa Singida, na darasa zima likaafiki. Mwalimu akaandika jina: Kedarnath. Kisha akaandika takwimu zake. Katika sensa ya India ya 2001 mji ule ulikuwa na watu 479, asilimia 98 wanaume, asilimia 2 wanawake, na hapakuwa na mtoto hata mmoja wa chini ya miaka sita. Sensa ya 2011 ikakuta watu 612, na safari hiyo wanaume walifika asilimia 99.

Niliziandika namba hizo kwenye jalada la daftari. Mji usio na mtoto! Kwetu mtu akikosa mtoto wa kumtuma dukani anahisi nyumba imepooza. Nikataka kujua wanaume wale wanafanya nini kule juu, na nani anawapikia.

Kedarnath upo kaskazini mwa India, jimbo la Uttarakhand, ndani ya Himalaya, mita 3,583 juu ya usawa wa bahari. Hanang wetu, mlima wa nne kwa urefu Tanzania, hauufikii. Ni mahali pa hekalu la Shiva, moja ya sehemu kumi na mbili ambazo Wahindu wanaziheshimu kuliko nyingine zote kwa mungu huyo. Barabara ya magari inaishia Gaurikund. Kutoka hapo ni kama kilomita 16 za kupanda kwa miguu, au juu ya nyumbu, au kwenye kapu linalobebwa mgongoni na mpagazi mmoja, au kwenye machela ya watu wanne. Hekalu hufunguliwa kati ya Aprili na Mei, theluji ikishalegea, na kufungwa ifikapo Novemba. Likifungwa, sanamu hubebwa kwa msafara hadi Ukhimath, mji ulio chini, na ibada huendelea huko majira yote ya baridi. Karibu kila mtu anashuka. Theluji inafunika mabati ya maduka.

Sasa jiulize: sensa ya India ya 2001 ilikuwa na tarehe yake rasmi, Machi 1. Machi Kedarnath haina kitu, ni theluji. Kwa kulijua hilo, maeneo ya theluji yalihesabiwa mapema, Septemba 2000, na kwa sensa iliyofuata ikawa vivyo hivyo, Septemba 2010. Septemba ni msimu wa hija. Basi karani aliyepanda kule akiwa na madaftari yake aliwakuta waliokuwa kazini: makuhani, wapishi, wenye maduka ya sadaka, wenye nyumba za wageni, waongoza nyumbu, wapagazi, wengi wao vijana waliotoka vijiji vya bondeni au kuvuka mpaka kutoka Nepal. Wake na watoto wao walikuwa nyumbani wakivuna. Watoto wa Kedarnath walikuwepo, ila walihesabiwa kwenye vijiji vya mama zao.

Nilipolielewa hilo nilihisi nimepewa ufunguo. Piramidi ya mwalimu haikuwa picha ya mji wa ajabu. Ilikuwa nusu ya picha, na nusu yake ya pili ilikuwa imetapakaa bondeni katika vijiji ambavyo, bila shaka, navyo vingeonekana vya ajabu: wanawake, wazee, watoto, na kiuno kimebanwa. Ukizirudisha nusu hizo pamoja unapata watu wa kawaida kabisa wanaotafuta riziki.

Nchi yetu ya Ugogo inalijua jambo hili tangu zamani. Karne ya kumi na tisa njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapa, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ili msafara upewe maji na njia. Mpwapwa ilikuwa kituo cha wapagazi kupumua kabla ya kuingia nyika kavu. Mtu ambaye angehesabu kambi za namna ile kwa usiku mmoja angekuta wanaume wengi kupita kiasi (ingawa wapo Wanyamwezi waliosafiri na wake zao), na angekuta vijiji vya Unyamwezi vimepungukiwa wanaume kwa kiasi kilekile. Mzigo ukihama, watu huhama nao.

Mwalimu alitupa mfano mwingine siku ile, na wengi waliupenda zaidi kwa sababu una sheria ndani yake. Ni Mlima Athos, rasi ya Ugiriki yenye monasteri ishirini za Waorthodoksi. Huko mwanamke haruhusiwi kukanyaga, na imekuwa hivyo kwa karibu miaka elfu moja. Mahujaji wanaume huingia kwa kibali: kwa siku Waorthodoksi mia moja na wasio Waorthodoksi kumi. Wakazi wake mwanzoni mwa karne iliyopita walizidi elfu saba, mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakawa wameshuka chini ya 1,200, kisha wakapanda tena kukaribia elfu mbili. Tulizoea kufundishwa kwamba idadi ya watu hujengwa na mambo manne: kuzaliwa, kufa, kuhamia na kuhama. Athos, la kwanza ni sifuri, na mahali hapajafa. Kila anayezikwa pale alizaliwa kwingine na kulelewa na mwanamke wa kwingine. Watawa wenyewe huuita mlima huo bustani ya Mama wa Mungu.

Mimi nilibaki na Kedarnath. Athos ni uamuzi wa watu, umeandikwa, unaweza kuujadili. Kedarnath hakuna aliyeamua. Ni theluji, umbali na bei ya kubeba mzigo.

*

Niliyoyasoma baadaye maktabani sikupewa darasani, na ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyoliona swali letu la sensa.

Juni 2013 mvua ilinyesha Uttarakhand kwa namna isiyozoeleka, mapema kuliko msimu wake. Usiku wa tarehe 16 na asubuhi ya tarehe 17 maji yalishuka juu ya Kedarnath. Ziwa dogo la Chorabari, lililokuwa limezuiwa na kifusi cha barafu juu ya mji, lilipasua kingo zake na kumwaga maji, matope na mawe kwenye bonde lile jembamba. Jiwe kubwa lilisimama nyuma ya hekalu, maji yakagawanyika huku na huku, hekalu likabaki. Nyumba za wageni, maduka na njia ya miguu vilizolewa. Mwezi uliofuata Serikali ya jimbo ilitangaza kwamba watu zaidi ya 5,700 waliopotea katika maafa yale, jimbo zima, wachukuliwe kuwa wamekufa.

Wachukuliwe kuwa wamekufa. Nilisoma maneno hayo mara nyingi. Maana yake ni kwamba kuna watu ambao hakuna aliyewaona wakifa, miili yao haikupatikana, na ushahidi pekee ni kwamba hawakurudi. Na ili useme fulani hakurudi, lazima kwanza mtu ajue kwamba fulani alikwenda. Hujaji ana familia inayosubiri simu. Mpagazi aliyelala juu ya magunia nyuma ya duka, akitafuta ujira wa msimu mmoja, aliyefahamika kwa jina moja na kijiji alichotoka, anaulizwa na nani? Takwimu za mji zilisema mamia ya wakazi, wakati mahujaji walikuwa wanapanda kwa maelfu kila siku. Kati ya mamia yale na maelfu yale kulikuwa na watu ambao usiku ule hawakuwa kwenye orodha yoyote.

Tangu mwaka uliofuata mahujaji wakaanza kuandikishwa kwa alama za vidole kabla ya kupanda. Hija haikupungua, iliongezeka: mwaka 2019 walifika zaidi ya milioni moja, na 2023 walikaribia milioni mbili. Yote hayo kwenye mji ambao sensa iliukuta na watu 612.

Desemba 2023 ikaja zamu yetu. Asubuhi ya tarehe 3, mvua ikiwa imenyesha usiku, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka na tope likashukia Katesh na vijiji vya jirani. Waliokufa walipita themanini. Dodoma tulishinda redioni. Mama mmoja jirani yangu ana ndugu Katesh. Alipiga simu toka alfajiri na kila aliyepokea aliulizwa jambo lilelile, jana usiku nani alilala wapi. Yule kaka alilala kwake au kwa shemeji? Watoto walikuwa kwa bibi yao? Mgeni wa Jumamosi aliondoka au alilala? Nilikaa naye barazani namshikia simu ya pili, na nikawa nalisikia swali langu la kishikwambi likiulizwa na mtu anayetetemeka.

*

Kwa hiyo silidharau swali lile. Nani alilala hapa: ni swali la kwanza kuuliza baada ya moto, mafuriko na ajali, na sensa inafanya vyema kuliuliza kila mahali kwa usiku mmoja. Ugomvi wangu ni na yanayofanywa baadaye na jibu lake.

Chukua maji. Sera ya Maji ya 2002 ilipanga kwamba mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kituo cha kuchotea kisizidi mita 400 kutoka kwake, na kila kituo kihudumie watu 250. Ni vipimo vizuri. Ukigawa wakazi wa kijiji kile kwa 250, unapata vituo vichache, na kwa siku nyingi vinatosha. Ila kwa juma moja la Agosti, katikati ya kiangazi, mkoa ambao mvua ya mwaka mzima ni haba, watu wanaokunywa pale wanazidi wakazi mara nyingi. Nimeona foleni ya ndoo ikianza saa tisa usiku. Nimeona wanawake wa kijiji wakishuka korongoni kufukua mchanga kutafuta maji ya kupikia, kwa sababu yale ya bomba wamewaachia wageni wa Mama Maria na wanaona haya kusukumana nao. Bibi wa uwele huchota maji yake tarehe 10, hufunika mapipa mawili kwa magunia, na huwapa wanaopita kikombe kwa kikombe mpaka yaishe.

Nililipeleka jambo hili kwenye ofisi moja inayohusika, nikaliandika ukurasa mmoja na nusu. Aliyenipokea alinisikiliza kwa heshima. Akaniambia wanapanga kwa idadi ya sensa, na kwamba mahujaji ni wageni, wameshahesabiwa makwao. Ni kweli wamehesabiwa makwao. Ila hawanywi makwao siku ile.

Na hata neno "wageni" linanisumbua. Nimesimama kwenye kituo cha nne cha Njia ya Msalaba nikitazama wanaopanda, nikasikia watoto wa kijiji wakiwaita kwa majina: mjomba, shangazi, baba mdogo. Kiuno kilichobanwa cha piramidi yangu kilikuwa kinapanda mlima na rozari mkononi. Vijana wale ambao kishikwambi hakikuwaona waliondoka kwenda kufyatua tofali, kuuza chakula, kubeba magunia, na kila mwaka wanarudi kwa siku mbili wakiwa mahujaji wa kilima walichochungia mbuzi utotoni. Karani anayetazama wakazi tu atasema kijiji kinazeeka na kuisha. Nimesikia hilo likisemwa kwenye mikutano, na mtu akapendekeza wazee wahamishiwe karibu na barabara. Angepaona siku ile asingelisema.

Kuna tofauti moja kati yetu na Kedarnath ambayo ninaifurahia wazi. Kule juu usiku wa sensa wanawake walikuwa kama hawapo. Huku kwetu, waliobaki kukitunza kilima ni wanawake. Bibi yule na wenzake ndio wanaofagia groto Jumamosi, ndio wanaojua ni jiwe gani la kituo cha tisa limelegea, ndio waliombembeleza katekista mvua zilipobomoa ngazi. Dodoso lina mahali pa kuandika shughuli ya mtu. Nilipomuuliza alisema mkulima, nikaandika mkulima.

*

Agosti 2024 nilipanda tena, safari hii bila kishikwambi. Nilikwenda na jumuiya ya mama yangu, kina mama ishirini na wawili kwenye basi dogo, masufuria juu ya paa. Tulifika jua linazama. Tulipanga mafiga yetu chini ya mkuyu, tukala ugali na mlenda, kisha mshumaa kwa mshumaa mteremko mzima ukawaka. Usingizi haukuwa mwingi. Kwaya ikinyamaza upande mmoja, upande mwingine ulipokea. Kuna mtoto alilia mpaka usiku wa manane, na kina mama wasiomjua walipokezana kumbeba.

Alfajiri nilishuka kwa bibi. Foleni ya maji ilikuwa imeshapita nyumba yake na kuzungukia nyuma. Yeye alikuwa uani, anakoroga uji kwenye sufuria kubwa ya kuazima, na mtu mzima wa kiume alikuwa anammiminia maji kutoka kwenye pipa. Uso ule ule, wa mama yake. Huyu ndiye fundi. Ndani kulikuwa na vicheko, na viatu vilivyojaa mlangoni.

Nikatoa shikamoo. Alinitambua kabla sijajieleza. "Mjukuu wangu wa sensa. Umekuja kutuhesabu tena?"

"Hapana, bibi, nimekuja kusali. Lakini niambie, usiku wa kuamkia leo wamelala wangapi hapa?"

Akaushika mwiko kwa mkono mmoja na kukunja vidole vya mwingine, taratibu, akiwatazama mlangoni mmoja mmoja. "Tisa. Wawili kazi imewazuia." Kisha akanigeukia. "Na wewe umelala wapi?"

"Kule juu, bibi, chini ya mkuyu."

"Basi kumi," akasema, na akamtuma mjukuu ndani alete kikombe kingine.